Mtoano Uliovuka Mwaka

Jumapili, Novemba 15, 2020, timu 64 za sekondari za futiboli ya Kimarekani ya watu kumi na mmoja katika jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani, zilikuwa bado hai kwenye mtoano. Madaraja manane, timu nane kila daraja. Kila moja ilikuwa imebakiza ushindi wa mara tatu tu kulifikia kombe, na mechi za robo fainali zilipangwa kuanza Ijumaa ya wiki hiyo. Jioni Gavana Gretchen Whitmer akatokea kwenye runinga. Alitangaza kwamba kuanzia Jumatano, Novemba 18, wanafunzi wa sekondari wangesomea nyumbani kwa wiki tatu, migahawa isingehudumia wateja ndani, kumbi za sinema zingefungwa na michezo ya shule ingesimama. Korona ilikuwa imekwisha kuua karibu watu 8,000 jimboni humo, na wodi zilizopata nafuu wakati wa kiangazi zilikuwa zinajaa upya.

Wiki tatu zilizaa wiki nyingine mbili, na hizo zikazaa karibu mwezi mzima. Mabingwa waliotarajiwa kujulikana mwanzoni mwa Desemba walijulikana Januari 22 na 23, 2021, katikati ya baridi kali ya ukanda wa Maziwa Makuu ya Marekani. Mtoano wa futiboli ya shule haukuwahi kufika Januari katika historia ya jimbo hilo.

Swali la mwanahistoria hapa ni rahisi kuuliza. Kwa nini gavana, majaji, wakuu wa afya na makocha walihangaika miezi mitano ili vijana wa miaka 16 na 17 wapate kumaliza mechi chache? Jibu linahitaji kurudi nyuma miaka mia moja, hadi janga la mwaka 1918. Wakati huo futiboli ilikuwepo, shule zilikuwepo na maradhi yalikuwa makali kuliko korona, ila mtoano wa kuokolewa haukuwepo.

Mafua ya 1918 yaliitesa Michigan kwanza kambini. Camp Custer, kambi ya kufundishia askari karibu na mji wa Battle Creek, ilijaa vijana waliokuwa wakiandaliwa kupelekwa vitani Ulaya. Maelfu waliugua na mamia wakafa ndani ya wiki chache za vuli. Oktoba hiyo Gavana Albert Sleeper alipiga marufuku mikusanyiko ya hadhara katika jimbo zima. Makanisa yalifungwa, sinema zikafungwa, na viwanja navyo vikanyamaza. Marufuku hiyo iliondolewa Novemba, siku chache tu kabla ya vita yenyewe kumalizika.

Ratiba ya Chuo Kikuu cha Michigan inaonyesha vizuri jinsi mchezo ulivyokatwa. Chini ya kocha Fielding Yost, timu iliifunga Case 33-0 tarehe 5 Oktoba, kisha haikucheza tena hadi Novemba 9 ilipokutana na Chicago. Baada ya hapo ilicheza na Syracuse, chuo cha kilimo cha jimbo na Ohio State, ikamaliza msimu kwa mechi tano na ushindi wa tano. Huko Pennsylvania, timu ya Pittsburgh ya kocha Pop Warner nayo ilikuwa na msimu mfupi wa aina hiyohiyo. Vyuo vyote viwili vinajihesabia ubingwa wa taifa wa mwaka huo, na hakukuwa na mashindano ya kuvikutanisha ili apatikane bingwa mmoja. Kutoka Atlanta, katika uwanja wa Georgia Tech, ilibaki picha ya mashabiki wamekaa jukwaani wamefunika pua na midomo kwa barakoa, kofia zao kichwani. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima tena mwaka 2020.

Kwa sekondari mambo yalikuwa mepesi zaidi. Mechi iliyofutwa ilifutwa. Shule mbili zilizokuwa jirani zikapatana tarehe nyingine, au hazikupatana, na msimu ukaisha pale ulipoishia. Nani alikuwa bora katika jimbo? Hilo lilikuwa jambo la waandishi wa magazeti na mabishano ya vinyozi. Chama cha michezo ya sekondari cha Michigan, MHSAA, kilikuwa bado hakijazaliwa. Kiliundwa mwaka 1924, na hata baada ya kuundwa kilikaa nusu karne bila kuandaa mtoano wa futiboli.

Majimbo mengine yalitangulia. Texas, ambako futiboli ya shule ni karibu kama dini, ilianza kutafuta bingwa wa jimbo zima mwaka 1920, na fainali ya kwanza kati ya Heights ya Houston na Cleburne ikaisha sare ya 0-0, wakagawana taji. Ohio ilianza mtoano wake mwaka 1972. Michigan ilifuata mwaka 1975, na kuanzia mwaka uliofuata fainali zikapelekwa kwenye uwanja mkubwa uliofunikwa wa Pontiac, Silverdome, makao ya klabu ya kulipwa ya Detroit Lions. Lions walipohamia uwanja wao mpya wa Ford Field katikati ya Detroit, fainali za shule ziliwafuata mwaka 2005.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Tangu mwaka 1934 Lions wana desturi ya kucheza nyumbani Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani, na familia nyingi za Michigan hula bata mzinga huku runinga ikinguruma. Mwisho wa wiki hiyohiyo, kwenye nyasi zilezile bandia, huingia watoto wa shule. Mvulana wa mji wenye watu elfu chache, ambaye tangu Agosti amekuwa akicheza kwenye uwanja wenye jukwaa la chuma na taa nne, hujikuta chini ya paa la uwanja wenye viti 65,000. Mji wake huhama naye. Benki hufungwa mapema, mabasi hukodiwa, bendi ya shule hubeba ngoma zake. Yeyote aliyewahi kuona wilaya nzima ikisafiri kwenda kushangilia timu yake ya UMISSETA, mashindano ya sekondari za Tanzania, anaweza kukisia joto lake, kisha aongeze pesa, kamera na wasaka vipaji wa vyuo vikuu wanaokuja na ahadi ya kumsomesha bure kijana mwenye kasi.

Hata shule ndogo zina nafasi yao. Vijijini, hasa kaskazini mwa jimbo, wapo walimu wasioweza kupata wavulana wa kutosha kuunda kikosi cha watu kumi na mmoja. Kwa ajili yao kuna futiboli ya watu wanane, yenye madaraja yake na mtoano wake. Kwa hiyo karibu kila mji wa Michigan wenye shule una njia, hata kama ni nyembamba, ya kufika fainali.

Korona iliikuta desturi hiyo ikiwa imekomaa. Wagonjwa wawili wa kwanza wa Michigan walitangazwa Machi 10, 2020. Siku mbili baadaye MHSAA ilisimamisha mashindano ya majira ya baridi, mpira wa kikapu ukiwa umo, na shule zikaamriwa kufungwa. Aprili 3 kilichosimamishwa kilifutwa kabisa, pamoja na michezo yote ya majira ya machipuko. Timu za kikapu zilizokuwa hatua chache kutoka kwenye fainali hazikupata hata mechi ya kuagana. Detroit ilikuwa inazika watu kila siku, na jumba kubwa la mikutano la jiji lilikuwa limegeuzwa hospitali ya dharura. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyelalamikia uamuzi huo. Lakini uliacha kidonda, na kidonda hicho kinaeleza mengi yaliyotokea baadaye. Viongozi wa MHSAA, mkurugenzi wao Mark Uyl akiwa mbele, waliingia katika msimu wa futiboli wakijua maana ya kumwambia mtoto wa mwaka wa mwisho kwamba mashindano yake hayatamalizika.

Agosti ilikuwa ya vurugu. Mazoezi yalianza tarehe 10. Tarehe 11 ligi ya vyuo vikuu ya Big Ten, yenye Michigan na Michigan State ndani yake, ikaahirisha futiboli. Tarehe 14 MHSAA nayo ikaihamishia futiboli ya sekondari kwenye majira ya machipuko ya 2021, huku ikiiruhusu michezo mingine isiyo na mgusano mkali kuendelea. Utah ilikuwa imeanza kucheza usiku mmoja kabla, ikiwa jimbo la kwanza nchini kufanya hivyo, na mechi yake ilirushwa kwenye runinga ya taifa. Wazazi wa Michigan waliitazama mechi hiyo, kisha wakatazama uwanja wa shule yao uliokuwa mtupu. Mwishoni mwa mwezi wachezaji, makocha na wazazi walikusanyika mbele ya jengo la bunge mjini Lansing wakidai vijana waachwe wacheze.

Septemba 3 baraza la MHSAA liligeuza uamuzi. Futiboli ilirudi, na mechi za kwanza zikachezwa wikiendi ya Septemba 18. Msimu wa kawaida ulipunguzwa kutoka mechi tisa hadi sita. Kisha ukaja uamuzi ambao ulibadilisha sura ya mtoano wenyewe. Kwa kawaida timu 256 ndizo huingia mtoanoni katika mchezo wa watu kumi na mmoja, na kuipata nafasi hiyo ni kazi ya vuli nzima. Mwaka 2020 kila timu iliyotaka iliingia. Timu iliyopoteza mechi zote sita nayo ilipangiwa mpinzani. Ohio, jirani wa kusini, ilifanya vivyo hivyo: mechi sita, kisha mlango wazi kwa wote. Kwa kuwa hakuna aliyejua wiki ipi ingekuwa ya mwisho, viongozi waliona afadhali kila mtoto aonje mtoano kuliko kumpima kwa msimu uliokatwa nusu. Ulikuwa uamuzi wa huruma, na ulikuwa wa busara pia.

Uwanjani sheria zilionekana hadi kwenye pumzi. Agizo la gavana lilitaka wachezaji wavae barakoa pale ambapo hawawezi kuachana nafasi, na katika futiboli hakuna pa kuachana nafasi. Mlinzi wa mstari wa mbele, mwenye kilo mia na zaidi, huinama vidole vikigusa nyasi, uso wake ukiwa umbali wa mkono kutoka uso wa mpinzani, kisha mpira ukianza kuchezwa wanagongana vifua. Sasa ndani ya helmeti, nyuma ya vyuma vinavyolinda uso, kulikuwa na kinga ya meno mdomoni na kitambaa juu yake. Kilipolowa jasho kilinata puani. Kiliposhuka shingoni, mwamuzi alikuwa na jambo jingine la kukumbusha. Jukwaani kila mchezaji aliruhusiwa watazamaji wawili. Wazazi wakajaa nafasi hizo, na babu, shangazi na wanafunzi wenzake wakabaki nyumbani wakifuatilia kwenye intaneti.

Hofu ya kila Jumatatu ilikuwa simu ya mwuguzi wa shule. Mchezaji mmoja akikutwa na virusi, waliokaa karibu naye waliwekwa karantini, na siku za karantini zilikuwa nyingi kuliko siku kati ya mechi na mechi. Timu ikakosa watu, mpinzani akapewa ushindi wa mezani. Zipo timu zilizotolewa mtoanoni bila kushindwa uwanjani, na wapinzani wao wakasonga mbele bila kuvaa jezi. Katika historia ya mchezo huo hili ndilo jambo gumu kuliko yote kuandikwa kwenye jedwali la matokeo, maana jedwali halina safu ya ugonjwa.

Wakati mtoano unakaribia, msingi wa kisheria wa masharti yote hayo uliporomoka. Oktoba 2, 2020, Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua kwamba sheria ya mwaka 1945 ambayo gavana aliitegemea kutoa maagizo yake ya dharura ilikiuka katiba ya jimbo. Kwa siku chache jimbo lilikuwa halijui ni sharti lipi linalofunga na lipi limekufa. Jibu lilitoka idara ya afya. Oktoba 5 mkurugenzi wake, Robert Gordon, alitoa agizo jipya la barakoa na mikusanyiko kwa kutumia mamlaka mengine, na idara ikaeleza wazi mamlaka hayo yalitoka wapi: yalitungwa kwa mara ya kwanza baada ya mafua ya 1918. Wabunge wa karne moja kabla waliacha kifungu cha kumwezesha mkuu wa afya kuzuia mikusanyiko wakati wa janga. Kifungu hicho ndicho kilichotawala viwanja vya sekondari vuli ya 2020, na ndicho kilichovifunga Novemba.

Mtoano ulianza Oktoba 30. Raundi ya kwanza, ya pili, kisha fainali za wilaya Novemba 13. Siku mbili baadaye ndipo gavana alipozungumza. Soka ilikuwa imekwisha kumaliza fainali zake mapema mwezi huo. Futiboli, mpira wa wavu na kuogelea kwa wasichana vilinaswa njiani.

Desemba 7 katazo likaongezwa hadi Desemba 20. Desemba 16, siku ambayo vijana wa mwaka wa mwisho walianza kusaini mikataba na vyuo vikuu, Donovan Edwards, mkimbiaji wa timu ya West Bloomfield, kaskazini magharibi mwa Detroit, alijisajili kwenda Chuo Kikuu cha Michigan. Alikuwa amepata chuo, lakini alikuwa bado hajui kama angemaliza sekondari uwanjani. Ulikuwa wakati wa ajabu kwa vijana wa namna yake. Wengine walitakiwa na vyuo vyao kuanza masomo mapema Januari, na kalenda ya chuo ikagongana na ya mtoano.

Desemba 18 idara ya afya iliongeza tena katazo, safari hii hadi katikati ya Januari, lakini iliacha mlango kwa timu zilizokuwa bado mtoanoni. Zingeweza kurudi zikikubali kuwa sehemu ya mpango wa majaribio wa kupima. Kila mchezaji, kocha na msaidizi angepimwa mara tatu kwa wiki kwa kipimo cha haraka. Kijiti chenye ncha ya pamba kinazungushwa puani, kinaingizwa kwenye kadi yenye matone ya dawa, kadi inafungwa, na dakika kumi na tano zinahesabiwa. Mstari mmoja, unaingia mazoezini. Miwili, unarudi nyumbani. Kazi hiyo iliwaangukia watu wa shule zenyewe, waliofundishwa upesi jinsi ya kupima na kuandika majibu. Kwa wiki chache za Januari, chumba cha vifaa vya michezo kilikuwa pia maabara ndogo ya afya ya jamii.

Matokeo yalikuwa mazuri kuliko wengi walivyotarajia. Vipimo zaidi ya 30,000 vilifanywa katika michezo ile mitatu, na asilimia 99.8 ya majibu yalionyesha hakuna virusi. Tarakimu hiyo ilitumiwa sana baadaye na waliotaka michezo ifunguliwe, na walikuwa na hoja. Ila ni haki kukumbuka kwamba ilipatikana kwa kundi dogo lililochaguliwa, lililolindwa na kupimwa kuliko mtu mwingine yeyote wa umri wao.

Na hapo ndipo kwenye dhamiri ya hadithi hii. Januari 8, 2021, Gavana Whitmer alizihimiza shule zote za jimbo kutoa nafasi ya kusoma darasani kabla ya Machi 1. Kesho yake, Januari 9, robo fainali za futiboli zilichezwa. Maelfu ya vijana wa Michigan walikuwa bado wanasomea jikoni mbele ya kompyuta, wengine wakiwa na mtandao wa kukatikakatika, siku ambayo wenzao waligongana helmeti kwenye baridi ya chini ya sifuri. Vipimo, watumishi na fedha vilikuwa vimepatikana kwa ajili ya mtoano kabla havijapatikana kwa ajili ya madarasa mengi. Si kosa la watoto waliocheza; walifuata kila sharti walilowekewa. Lakini jamii huonyesha inachokithamini kwa kile inachokifungua kwanza, na hili linastahili kuandikwa bila kupakwa sukari.

Majimbo mengine yalichagua njia tofauti kabisa. California ilisubiri hadi Februari 26, 2021, ndipo michezo ya nje yenye mgusano ikaruhusiwa katika kaunti zenye maambukizi ya chini kiasi. Timu zilicheza wiki chache, msimu ukafungwa katikati ya Aprili, na bingwa wa jimbo hakutafutwa. Illinois ilicheza mechi zake Machi na Aprili, nayo bila mtoano. Kuna busara fulani katika uchaguzi huo, kwa kuwa unarudi kwenye mtindo wa 1918: watoto wacheze pale inapowezekana, na taji lingoje mwaka mwingine.

Texas ilikuwa na yake. Shule ndogo zilianza kwa wakati, shule kubwa zikacheleweshwa karibu mwezi, na fainali zao zikafika Januari katika uwanja wa AT&T mjini Arlington. Tarehe 16 mwezi huo Westlake ya Austin iliifunga Southlake Carroll 52-34. Kocha wa Westlake alikuwa Todd Dodge, na wa Carroll alikuwa Riley Dodge, mwanawe wa kumzaa. Hata msimu wa janga haukukosa mechi ya kusimuliwa.

Siku hiyohiyo Michigan ilicheza nusu fainali zake. Fainali za futiboli ya watu wanane, ambazo miaka iliyotangulia zilichezwa ndani ya kuba kubwa la Marquette, kaskazini ya mbali, zilihamishiwa ukumbi wa ndani mjini Brighton. Kisha Ijumaa, Januari 22, milango ya Ford Field ikafunguliwa.

Ilikuwa siku yenye mambo mengi kwa wakati mmoja. Robert Gordon, aliyesaini maagizo yaliyosimamisha na kuruhusu mtoano, alitoa agizo jipya la kufungua migahawa kuanzia Februari 1, akajiuzulu siku ileile. Agizo hilo liliendelea kuzuia mpira wa kikapu, hoki ya barafuni na mieleka ya shule. Kwa hiyo wakati futiboli ya vuli inakabidhiwa makombe, mchezo wa kikapu uliokuwa umenyimwa fainali Machi iliyopita ulikuwa bado umefungiwa. Wachezaji wa kikapu waliruhusiwa kuanza mechi Februari 8. Kwa kijana aliyecheza michezo yote miwili, na katika shule ndogo wapo wengi, msimu mmoja uliukanyaga mwingine.

Ndani ya uwanja watazamaji walikuwa wachache mno, wametawanyika kwenye viti elfu 65, na sauti ya makocha ilisikika hadi juu. Katika fainali ya daraja la kwanza West Bloomfield ilikutana na Davison, shule ya jirani na jiji la Flint. Donovan Edwards alifunga tachidauni nne, yaani mara nne aliufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani. West Bloomfield ikashinda 41-0, taji lake la kwanza la futiboli. Kocha wake, Ron Bellamy, aliyewahi kuchezea Chuo Kikuu cha Michigan na kufika ligi ya kulipwa, alikuwa ameifundisha shule hiyo tangu 2010. Siku chache baada ya fainali aliajiriwa na chuo kikuu hichohicho, akamfuata mkimbiaji wake. Januari 8, 2024, wote wawili walikuwa upande wa Michigan ilipoifunga Washington 34-13 na kuwa bingwa wa taifa, na tachidauni mbili za kwanza usiku huo zilikuwa za Edwards. Ubingwa huu haukuwa na mgawano kama ule wa 1918.

Mpango wa kupima haukuishia kwenye futiboli. Kuanzia Aprili 2, 2021, Michigan iliwataka wanamichezo wote wa miaka 13 hadi 19 wapimwe kila wiki, na baadhi ya wazazi waliokuwa wakiudai mtoano kwa sauti kubwa walilipinga sharti hilo kwa sauti ileile. Ford Field ilikuwa imekwisha kubadilishwa kazi. Machi 24 uwanja huo uligeuzwa kituo kikubwa cha chanjo, uliopangiwa kuchanja watu elfu kadhaa kwa siku, na kuanzia Aprili 5 kila mkazi mwenye miaka 16 na kuendelea alistahili kuchanjwa. Vijana waliocheza pale Januari sasa walikuwa na haki ya kurudi kupitia mlango mwingine.

Vuli iliyofuata MHSAA ilirudisha mechi tisa na mtoano wa timu 256. Mlango ulifungwa tena kwa timu dhaifu, jambo ambalo baadhi ya makocha wa shule ndogo walilisikitikia. Fainali zilirudi wikiendi ya Sikukuu ya Shukrani, Novemba 26 na 27, 2021, ambapo Belleville iliifunga Rochester Adams 55-33 kwa taji la daraja la kwanza. Waliokuwa mwaka wa mwisho katika mtoano wa janga walikuwa wamekwisha kuhitimu. Walikuwa wamecheza msimu ulioanza Septemba na kumalizika Januari, wengine kwa mechi kumi na mbili na wengine kwa saba tu, ukisimamiwa na sheria iliyotungwa baada ya mafua yaliyowakuta babu wa babu zao.